Chipu Isiyo na Namba

Mkwezi alipanda mnazi wa majaribio kwa sekunde kumi na moja. Alikuwa roboti wa miguu sita, iliyochongwa kutoka fremu za madirisha, na jicho lake lilikuwa kamera ya simu kuukuu. Alifika kwenye makuti, akaliacha koroma, akachagua dafu, akakata. Kisha moshi mwembamba ukamtoka kifuani, miguu ikakaza, akabaki juu ameukumbatia mnazi.

“Kiendesha-mota kimeungua,” alisema Nasra Shekimweri, akaenda kutafuta ngazi.

Nasra alikuwa mpishi wa shule ya msingi jijini Tanga, na roboti alijifunza kwa kuwafungua. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 2088. Saa kumi alasiri angekuja mkaguzi wa jiji. Mkwezi asipopanda mbele yake, kibali cha mafundi wa nyumbani kingefutwa, na kila mashine isiyo na muhuri wa Kampuni ya roboti ingesagwa.

Kibali hicho hakikutolewa kwa hisani. Mwaka 2063 Kampuni iligawa roboti bure, watu wakashangilia. Mwaka 2070 ikaacha kuuza spea. Mwaka 2074 ikataka hata bisibisi iwe na leseni. Watu walilala siku tisa nje ya ofisi za jiji ndipo wakaachiwa haki ya kutengeneza chao wenyewe. Wapo wanaosema hayo yamepita. Yamempita nani?

Kiendesha-mota ni chipu ndogo ya miguu minane inayopokea amri ya akili ya roboti na kuigeuza kuwa nguvu ya kuzungusha mota. Kampuni haikumuuzia mtu binafsi. Mbadala ungepatikana kwa mtu mmoja tu, Fundi Shemboza, mwenye madroo arobaini ya vipuri vya zamani.

“Mpishi wa ubwabwa kaja,” Shemboza alisema Nasra alipoingia dukani. “Leo umeunguza sufuria gani?”

“Fundi, nina saa sita. Nitafutie kiendesha-mota cha volti ishirini na nne.”

Shemboza alivuta droo. Chipu zilijaa humo, na migongo yao yote ilikuwa imekwanguliwa. Ndivyo mafundi wa mtaa ule walivyofanya miaka yote: ukipata chipu nzuri, unaikwangua namba kwa wembe, jirani asijue umetumia nini.

“Ipi ni ipi?” Nasra aliuliza.

“Nilikuwa najua.”

“Ulikuwa unajua. Umemficha jirani mpaka umejificha mwenyewe.”

“Bi Nasra, usinitukane dukani kwangu.”

“Sijaanza. Lete mita ya kupimia umeme.”

Walipima mguu kwa mguu. Kwanza walitafuta ardhi, mguu ambao mikondo yote hurudi kwake. Kisha miguu miwili ya kwenda kwenye mota. Kila chipu iliyoelekea kufaa waliijaribu kwa kupitisha umeme kwanza kwenye balbu. Balbu ikiwaka sana, chipu imekufa au si yenyewe. Ikififia na mota ikazunguka, imekubali. Tatu ziliwasha balbu kama jua. Ya nne, balbu ilififia, mota ikaguna na kuzunguka.

Lakini nguvu yake ilikuwa nusu ya ile iliyoungua, na miguu ilipangwa kinyume. Nasra alitafuta ya pili inayofanana nayo, akazibebanisha mgongoni zigawane mzigo, akazilaza chali ili miguu ilingane, akalehemu nyaya nyembamba kama nywele. Shemboza alimshikia taa.

Saa kumi, uwanja wa mnazi wa majaribio ulijaa. Mkwezi alipanda. Sekunde kumi, moja pungufu ya asubuhi. Akaangusha madafu saba, akashuka mwenyewe, akasimama mbele ya mkaguzi kama anayedai risiti. Watu walipiga vigelegele, wengine wakabebana.

“Hiki kipuri kina namba gani?” mkaguzi aliuliza, kalamu mkononi. “Fomu inataka namba.”

“Andika hakina,” Nasra alisema. “Andika kimepimwa, na hawa wote wameona.”

Mkaguzi aliwatazama hao wote, akaandika. Kibali kikapigwa muhuri kwa miaka kumi.

Nasra alimkuta Shemboza nyuma ya umati, peke yake.

“Fundi, mbona hivyo? Tumewashinda.”

“Shemeji yangu Kiluwa alikuja kuniomba chipu hiihii mwaka sabini na tano. Nikamwambia siijui. Duka lake likafa, akaenda kufagia ghala la Kampuni. Anafagia mpaka leo. Kampuni haikumfunga yule. Nilimfunga mimi.”

Nasra, ambaye hasira zake zote alikuwa amezielekeza kwa Kampuni peke yake kwa miaka kumi na minane, alimsogelea Shemboza.

“Anakaa wapi?” aliuliza.

“Barabara ya tatu kutoka hapa.”

Walikwenda wakifuatwa na nusu ya uwanja. Kiluwa alifungua mlango, bado amevaa sare ya ufagizi. Shemboza hakuwahi hata kupiga hodi ya pili, wala hakusalimia.

“Chipu ile uliyoniomba, mguu wa kwanza ni umeme,” alisema. “Wa nne ni ardhi. Wa sita na wa saba, mota. Chukua kalamu, shemeji, zimebaki droo thelathini na tisa.”