Mpishi wa Toleo Refu

Filamu iliongezeka dakika moja. Jumanne ilikuwa na dakika mia moja thelathini na moja, Alhamisi ikawa na mia moja thelathini na mbili. Mkasi, ambaye hakuwahi kukubali kwamba amekosea hesabu, aliangalia daftari lake, akaitukana mashine.

Jina la Mkasi alipewa na mkewe kwa kumsema, yeye akalichukulia kuwa sifa. Kazi yake, kama tutaiita kazi, ilikuwa kulinganisha filamu za anga na za siku zijazo: lile toleo lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, na lile refu ambalo mwongozaji hulitoa baadaye akilalamika kwamba wakubwa walimkatia vipande vyake. Aliweka televisheni mbili sebuleni, moja kwa kila toleo, akafunga mapazia mchana kutwa, akakaa katikati kama hakimu. Matoleo marefu aliyadharau yote. Kila kipande kilichorudishwa alikipa sekunde kumi za kujitetea, kisha akatamka kwa sauti, "Hakina kazi humu. Kata." Halafu aliwaandikia wasomaji wake kumi na wanne wa mtandaoni, ambao nao aliwadharau kwa kukubaliana naye.

Diski hii alipewa na mzee aliyewahi kuendesha mashine ya sinema ya mtaani, ambayo siku hizi ni ghala la magodoro. Lilikuwa toleo refu la filamu ya zamani kuhusu chombo kinachosafiri miaka mia kuelekea nyota fulani. Mzee alimpa sharti moja.

"Tazama utakavyo, mwanangu. Ila humo kuna mpishi mwenye shati la kahawia. Usimkosoe kwa sauti. Yule si mwigizaji."

"Ni nani basi?"

"Hakuna aliyemwajiri. Walipoipiga picha hakuwapo, walipoitazama yumo. Wakamtoa kwenye toleo la sinema. Mhariri aliyemtoa hakuonekana tena."

Mkasi aliaga haraka asije akamcheka mzee wa watu usoni. Nyumbani, mpishi alipotokea kwenye meza ya chakula ya chombo, kimya, akipangusa sahani moja bila kuimaliza, Mkasi hakumpa hata zile sekunde kumi.

"Huyu hana kazi humu. Kata!"

Mpishi akaacha kupangusa. Sebule ikaanza kunuka siki, kama zinavyonuka kanda za filamu zilizooza, ingawa diski haina cha kuoza.

Ndipo ikaja ile dakika ya ziada. Mkasi aliisaka mpaka akaipata: kwenye ujia wa chombo ilitundikwa saa ya ukutani yenye kioo kilichopasuka. Aliijua ile saa. Asubuhi hiyohiyo aliikaripia kwa kelele zake, akaiambia kata. Akageukia ukutani, akaona msumari mtupu.

"Saa imekwenda wapi?" aliuliza.

"Saa gani?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Huo msumari tumeukuta tulipohamia. Mwaka wa tatu huu nakuomba uung'oe."

Mtu mwenye akili angeizima ile mashine palepale. Mkasi akaandika: "Uzembe mtupu: saa ya ukutani ndani ya chombo cha anga."

Ijumaa mkewe alikuwa akiosha vyombo huku akiimba wimbo wake usio na maneno, midomo imefumbwa, kama alivyozoea tangu uchumba wao.

"Huo wimbo hausogezi hadithi mbele," Mkasi alimtania. "Kata."

Jikoni pakawa kimya. Alasiri filamu ilikuwa na dakika mia moja thelathini na nne, na mpishi alikuwa akipangusa sahani yake akiimba, midomo imefumbwa, kwa sauti ya mke wa Mkasi. Akamwita mkewe, akamwomba amwimbie kidogo.

"Mimi?" mkewe alishangaa. "Lini umenisikia nikiimba?"

Sasa aliogopa, tena sana, lakini alikuwa na makala ya kumaliza, na majivuno ya mtu wa namna hii hayajui hofu ni nini. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa kitini pake. Binti yake wa miaka saba akaja akining'inia kwenye mkono wa kiti.

"Baba, ona jino linavyocheza."

"Ngoja."

"Linatoka, Baba! Ona!"

Mkasi alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote, na ndiye pekee duniani ambaye hakuwahi kumtoa kasoro. Lakini macho yalikuwa kwenye televisheni mbili, na ulimi ulikwenda wenyewe palipozoea.

"Kata, mwanangu, kata!"

Mkono wa kiti ukawa mwepesi, na alipogeuka hapakuwa na mtu, wala viatu vidogo mlangoni, wala michoro ya penseli ukutani ambayo juzi tu alikuwa ameisifu, na harufu ya siki ilikuwa imejaa mpaka machozi yakamtoka, na kwenye televisheni ya kulia, ndani ya jiko la chombo, binti yake alikuwa ameketi juu ya meza akibembeza miguu, huku mpishi amemshika kidevu na kumtazama Mkasi moja kwa moja, na kile kisauti kikisema, "Baba, ona."

"Mtoto wetu!" alimlilia mkewe. "Yuko humo!"

Mkewe alirudi nyuma hatua mbili. "Mtoto yupi? Unanitisha."

Akakimbia peku mpaka kwa mzee.

"Ulimkata yule mpishi," mzee alinong'ona.

"Nilimkata. Nisaidie, mzee wangu."

"Mkasi haurudishi kitu. Kaa mbele yake, ukiri kwamba toleo refu ndilo sahihi. Lote, bila kutoa hata kipande."

"Lote? Hata ile dhoruba ya vimondo ya dakika sita?"

Mzee akaanza kufunga mlango wake. Mkasi akainamisha kichwa.

Alipiga magoti sebuleni. "Toleo refu ndilo sahihi," alisema. "Lote. Kila aliyemo ana kazi yake."

Saa ikagonga ukutani. Jikoni ukaanza wimbo usio na maneno. Binti akaja mbio, jino kiganjani, pengo mdomoni, na Mkasi akamkumbatia akilia kwa sauti bila kuona aibu.

"Chakula tayari!" mkewe aliita. "Njoo basi, kaka yako anakusubiri."

Mkasi hakuwa na kaka. Mezani palikuwa na sahani nne. Mtu mwenye shati la kahawia alikuwa akiipangusa yake, na binti alikuwa tayari amemkalia mapajani.

"Baba mkubwa, ona jino langu!"

Yule mtu aliliona jino, akalisifu vizuri. Kisha akainua macho, akamtazama Mkasi kwa utulivu, sekunde kumi hivi, na kote mezani pakanuka siki.

"Huyu," akamwambia mama wa nyumba, "hana kazi humu."