Kopo Lenye Tundu Moja

Nyumbani kwa Batoul, kule Mvouni juu ya mji wa Moroni, maji yalikuwa na heshima yake. Hakuna aliyeyachezea. Kisiwa cha Ngazidja hakina mito. Mvua ikinyesha, maji hushuka kutoka kwenye bati, yakaingia kwenye birika la mawe nyuma ya nyumba. Mvua zikikatika, watu huishi kwa maji ya birika hilo mpaka mvua nyingine.

Kila asubuhi Batoul alifunua birika. Alitumbukiza fimbo ndefu, akaitoa, akatazama imelowa hadi wapi. Kisha alijua siku hiyo watoto wataoga maji kiasi gani.

Kwa kunawa na kutawadha alikuwa na chombo chake. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, alilolitoboa kwa msumari tundu moja tu karibu na kitako. Alilitundika mlangoni kwa kamba. Ukilijaza, maji yalitoka mstari mwembamba. Mtu mmoja alitawadha, maji yakabaki, wa pili akatawadha.

Kopo hilo lilikuwa adui wa Koko Zaitoun.

Koko ni bibi kwa lugha ya visiwani. Koko Zaitoun alikuwa mama yake Attoumane, mume wa Batoul. Alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, na Ndzuani mito ipo. Mwaka huo, 1977, alikuja kukaa nao kwa sababu magoti yalimuuma. Siku ya kwanza alisimama chini ya kopo na mikono yake ya sabuni. Alingoja. Akangoja tena.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni chombo cha maji au ni mtoto anakojoa?"

"Ni maji ya mvua, mama," Batoul akajibu kwa adabu. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwetu yakimwagika, mengine yanakuja nyuma yake."

Tangu siku hiyo wawili hao hawakugombana, lakini hawakupatana pia. Koko akioga, Batoul alisikia ndoo ya pili ikimwagika, na moyo wake ukamwagika nayo. Angesema nini? Mama mkwe ni mama. Na msemo wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu haumhusu mama mkwe.

Attoumane alijifanya hasikii. Naye alikuwa na yake. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili, na mambo yalikuwa yanageuzwa juu chini. Serikali ya Ali Soilih ilikuwa imewarudisha makarani wengi nyumbani, na vijana wa shule wakakaa kwenye meza zao. Attoumane alikuwa karani. Sasa hakuwa na ofisi, lakini kila asubuhi alivaa saa yake ya mkononi, akaitia ufunguo, akaitazama. Inasikitisha kumwona mtu anaangalia saa na hana pa kwenda.

Ndiyo maana siku moja aliposema, "Nitampeleka mama kwenye maji ya moto," Batoul hakuwa na moyo wa kukataa. Watu walisema kwamba kusini, ufukoni, maji ya moto yanatoka kati ya mawe meusi, na yanalegeza magoti. Rafiki yake, Idarousse, alimwazima gari lake, Pijo kuukuu yenye turubai nyuma.

Batoul aliandaa ndizi za kuchemsha na samaki wa kukaanga. Alijaza dumu moja la maji, lita ishirini, akalifunga kifuniko mwenyewe.

"Haya ndiyo maji yetu ya kwenda na kurudi," akawaambia watoto. "Hakuna mengine."

Juu ya chakula akaweka lile kopo. Watoto watanawa na nini? Koko akaliona. Akageuza uso, akapanda garini.

Hata leo Batoul akifumba macho anaiona safari ile. Koko alikaa mbele na mwanawe. Batoul alikaa nyuma na watoto wawili, Moina wa miaka minane na Fakri wa miaka minne. Gari lilishuka hadi Moroni, likageuka kusini. Harufu ya maua ya mlangilangi iliingia chini ya turubai. Watoto waliimba kaswida za chuoni, na Koko, kule mbele, alizidaka kwa matamshi yake ya Kindzuani, na Moina akacheka mpaka akakohoa. Mambo mengi ya miaka ile Batoul asingependa yarudi. Asubuhi ile angeipokea kwa mikono miwili.

Walipita Singani. Mwezi wa Aprili mlima Karthala ulikuwa umemwaga moto hadi pale, ukafunika nyumba. Sasa ulikuwa umebaki uwanja wa mawe meusi.

"Moto wenyewe umekwenda wapi?" Fakri aliuliza.

"Uko chini, ndani ya ardhi," baba yake akajibu. "Ndio unaopasha maji tunayokwenda kuoga."

Ufukoni walikuta madimbwi kadhaa. Dimbwi la chini, karibu na bahari, lilikuwa vuguvugu. Koko alikaa humo na nguo zake, akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Leo goti limenikumbuka." Pembeni alikaa mwanamume wa makamo, akilowesha bega. Aliwasalimu kwa adabu. Jina lake lilikuwa Chaehoi. Alikuwa amerudi mwaka ule kutoka Majunga, kule Bukini ng'ambo ya bahari, pamoja na maelfu ya wenzake waliofukuzwa na mauaji ya watu wa visiwani. Alirudi na nguo alizovaa.

Juu kidogo kulikuwa na dimbwi jingine, dogo, safi kama kioo. Halikuchemka. Halikutoa moshi.

"Baba, lile je?" Fakri akauliza.

Attoumane alitazama kwa mbali. "Lile limepoa. Maji ya moto yana moshi."

Alisema hivyo kwa nia njema. Wengi wetu tungesema hivyo. Batoul alikuwa akimfunga Moina leso. Alisikia mlio wa maji, kisha kilio ambacho mama yeyote anakijua kabla hajageuka.

Fakri alikuwa ametumbukiza mguu wa kulia hadi juu ya kifundo. Attoumane alimrukia akamtoa. Mguu ulikuwa mwekundu, na mtoto alilia mpaka sauti ikakatika.

"Mafuta," Batoul akasema. "Mama, yako wapi mafuta yako ya nazi?"

Koko alishatoka majini, chupa mkononi.

"Hapana," akasema Chaehoi. Alikuwa amesimama mbele yao, maji yanamchuruzika. "Msipake mafuta. Msipake chumvi, wala majivu, wala dawa ya meno. Nimefunga vidonda miaka ishirini katika hospitali ya Majunga. Mvueni ndara upesi kabla mguu haujavimba. Kisha mleteeni maji baridi, maji safi. Mnayo?"

Attoumane alivua ndara ya mtoto. "Bahari ipo hapa," akasema.

"Hapa bahari imechanganyika na maji ya moto, na ina mchanga. Ingekuwa hamna kitu, tungetafuta ya bahari mbali kule. Mna maji ya kunywa?"

Wote wakalitazama dumu.

Na hapa Batoul alisita. Hakusema hapana. Hakufikiri hata neno zima. Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko, na mkono haukufunguka, kwa sababu miaka yote ulikuwa umefundishwa kufunga. Ilikuwa muda wa kumeza mate tu. Lakini Koko alimwona, na Batoul alijua kwamba ameonwa.

Koko akalichukua dumu. Akalifungua, akalipindua juu ya mguu wa mjukuu wake kwa upendo wote wa watu wa mtoni. Maji yakaruka kama ya ndoo ya kuoshea sakafu, yakapotea kati ya mawe.

"Taratibu, mama," Chaehoi akamshika mkono. "Joto limeingia ndani ya nyama. Halitoki kwa mara moja. Anahitaji maji yapite juu ya mguu dakika ishirini. Ukiyamwaga yote sasa, dakika mbili zijazo tutakuwa na dumu tupu na mguu unaendelea kuungua."

Koko akasimama na dumu mikononi. Maisha yake yote hakuwahi kujiuliza jinsi ya kuyafanya maji yachelewe.

Batoul alikwenda kwenye kapu. Alirudi na kopo.

Attoumane alimpakata Fakri, akamfunika kifua kwa shati lake, maana Chaehoi alisema mguu upoe lakini mtoto asipate baridi. Koko alijaza kopo. Batoul alilishika juu ya mguu, na maji yakatoka mstari mwembamba, bila kukatika, yakashuka juu ya ngozi nyekundu kuanzia kifundo hadi vidole. Lilipopungua, Koko alijaza. Batoul aliusogeza mstari polepole, huku na huku, bila kupoteza tone.

"Dakika ngapi?" Chaehoi aliuliza.

Attoumane alitazama saa yake. "Nne."

Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza saa.

Dakika ya nane kilio kikawa kwikwi. Dakika ya kumi na moja Fakri akasema ana kiu, wakamnywesha maji kidogo. Moina alikaa kando, amemshika mdogo wake mkono. Chaehoi aliinama akitazama, na akaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na wenzake wa kazi.

"Mafuta yanafunika joto. Ni kama wali uliofunikwa sufuriani. Moto umezimwa, lakini wali unaendelea kuiva. Maji yanalitoa joto. Na hayo malengelenge yakijaza maji, msiyapasue. Ile ngozi ndiyo bandeji yake ya kwanza."

"Na maji yale hayakuwa na moshi," akasema Attoumane. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Mchana wa jua moshi hauonekani, bwana. Macho hayapimi joto. Mtu mzima achote kidogo kwa kopo kama hili, adondoshe tone moja juu ya mkono wake. Akiridhika, ndipo mtoto aingie, tena ameshikwa mkono. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji unayovumilia wewe humuunguza yeye."

Dakika ya ishirini ilipofika, dumu lilikuwa na maji ya kujaza kikombe kimoja.

"Sasa kitambaa safi," Chaehoi akasema. "Chepesi, kisichonata."

Koko alifungua furushi lake la nguo. Akatoa ushungi wake mweupe wa kusalia, uliofuliwa mtoni Mutsamudu na kupigwa pasi ukakunjwa mara nne. Hakuuliza mtu. Aliuchana kwa meno. Chaehoi aliufunika mguu bila kukaza.

"Mpelekeni zahanati sasa hivi. Mtoto mdogo, tena mguu, hatibiwi nyumbani."

Attoumane akamshukuru. Akamshika mkono.

Katika safari ya kurudi, Koko hakukaa mbele. Alikaa nyuma na Batoul, Fakri amelala mapajani mwao wote wawili. Maji ya kuwatosha hayakuwapo. Njiani mwanamke mmoja aliwauzia madafu manne, wakanywa.

"Mama," Batoul akasema baadaye, "nilisita."

"Nilikuona."

"Mwanangu mwenyewe. Nilisita kwa ajili ya maji."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Koko alimsogezea Fakri mguu uliofungwa, akauweka vizuri.

"Na mimi ningeyamaliza kabla hujasema bismillahi," akasema. "Tungekuwa wawili, mchoyo na mbadhirifu, na mtoto kilema. Mungu alituweka pamoja kwa hesabu yake."

Kwenye zahanati, muuguzi alifunua kitambaa. Aliukagua mguu. "Nani aliyemwagia maji?" akauliza. "Wengi hunijia na mafuta na majivu, nikaanza kwa kubandua. Huyu atapona." Kila siku mbili walimrudisha kufungwa kidonda. Wiki ya tatu Fakri alikimbia uani, na Batoul, aliyekuwa akipima birika kwa fimbo, aliiacha fimbo ikaanguka majini.

Attoumane aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani maneno yote ya Chaehoi, akayabandika ukutani. Majirani wa Mvouni walikuja kuyasoma. Wasiojua kusoma, Moina aliwasomea. Batoul naye aliweka dumu moja la maji safi jikoni, akawaambia watu wa nyumba, "Hili si la kupimwa. Hili ni la aliyeungua."

Koko alirudi Mutsamudu mvua zilipoanza.

Miaka mitatu baadaye walikwenda kumtembelea. Mji ulikuwa umejaa sauti ya mto. Fakri alikuwa na miaka saba. Alishuka mtoni mbio, peku, akarukaruka juu ya mawe, na mguu wa kulia haukuwa na tofauti na wa kushoto ila alama ndogo nyepesi kwenye kifundo.

Batoul alifika mlangoni kwa mama mkwe wake akasimama. Pale, kwa kamba, lilining'inia kopo la maziwa ya unga.

"Mama, wewe? Na mto huu wote?"

"Mtoto wa jirani alimwagikiwa na uji mwezi uliopita," Koko akasema. "Mama yake alikuja mbio kuchukua kopo, sio mafuta. Mtaa mzima wanajua liko kwangu." Alikuwa amezeeka, na magoti yalikuwa yamerudi kuuma. Alilijaza kopo kwa kata. "Nyoosha mikono, mwanangu. Umetoka safari."

Batoul akanyoosha mikono chini ya ule mstari mwembamba. Mama mkwe wake alisimama kando na kata iliyojaa, akingoja kopo lipungue, wala hakuonyesha haraka yoyote.