Tambara Ndani ya Bomba la Moshi

Kila alasiri akitoka shule, Cheche alivua sare, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni, akaingia karakana ya mama yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na mama, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka. Mama mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mabomba ya moshi ya magari, na wenye magari ya zamani walimfuata kutoka mbali, maana vipuri vyao havikuuzwa tena madukani.

Wiki hiyo kulikuwa na gari jekundu la mbio, la zamani, lenye turbo, feni inayoisukumia injini hewa. Mwenye gari alikuwa mwanamke mpiga picha, aliyeachiwa gari hilo na marehemu baba yake. Bomba lake lilikuwa limeliwa na kutu. Bomba jipya lilipaswa kuanzia kwenye turbo, lipenye kando ya mhimili wa usukani, kisha lishuke chini ya gari bila kugusa kitu. Kabla ya kukata chuma, mtu hukunja waya mnene ufuate njia hiyo, na waya huo ndio unaokuwa kipimo. Mama aliwaachia Cheche na kaka yake mkubwa kazi hiyo, nayo ikamwangukia Cheche, kwa sababu mkono wake mdogo ulipita pasipopita mkono wa mwingine. Alikunja gotini, akakunjua, akachubuka vidole, mpaka waya ukakaa sawasawa.

Mpiga picha alipokuja kutazama kazi, Cheche alikuwa ametumwa dukani. Aliporudi alimkuta kaka yake ameuinua ule waya juu kama kombe.

"Huu umeukunja wewe?" mpiga picha alikuwa akiuliza.

"Ndiyo. Ulinitoa jasho kidogo," kaka alijibu.

"Hongera, kijana. Una jicho la kazi."

Jasho lipi? Cheche aligeuka pale mlangoni, akatoka nje. Hakumwambia hata mama. Akimwambia mama, kaka angeamriwa aombe radhi, angeiomba huku akicheka, na mambo yangeishia hapo. Cheche hakutaka yaishie hapo. Alitaka kaka aumbuke mbele ya mpiga picha yuleyule, na macho yaliyomsifu yamtazame kwa dharau. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, akaenda nalo shule likae naye kwenye dawati.

Njia ya kumkomoa ilikuwa mbele ya macho yake. Mama alipochomelea, aliziba ncha zote mbili za bomba kwa matambara mekundu ili gesi ya kukinga chuma ibaki ndani na mshono usiungue kwa ndani. Kazi ikiisha, matambara hayo yalitolewa na kutundikwa kwenye misumari miwili juu ya meza. Misumari ikiwa mitupu, hakuna kuwasha injini. Hiyo ilikuwa sheria ya karakana, na kaka ndiye aliyekabidhiwa kuyatoa.

Siku ya kufunga bomba, kaka aliyatoa matambara, akayatundika, akaenda kunawa mikono. Cheche alichukua tambara jingine kwenye kikapu, kipande cha sketi yake ya zamani ya shule, akalisokomeza ndani ya bomba kwa fimbo mpaka likapotea. Gari litawaka, litakohoa, litazimika. Watalifungua na kulikuta tambara, na kaka atakosa pa kuuficha uso. Cheche alicheka peke yake, na kicheko kile kilikuwa kitamu sana. Kaka akarudi, akalifunga bomba bila kuchungulia ndani.

Mpiga picha alifika mvua ikinyesha, hivyo lango la karakana lilikuwa limefungwa. Kaka aliketi kwenye usukani. Mama alilala chali, akajisukuma chini ya gari.

"Leo nasikiliza maungio mwenyewe kama yanavuja," alisema.

Hilo Cheche hakuwa amelifikiria. Alifungua mdomo aseme. Kisha akamwona kaka akimtabasamia mpiga picha kama fundi mkuu, akaufunga mdomo wake.

"Washa," mama alisema.

Injini iliguna, ikatetemeka, ikataka kuzima. Kaka akakanyaga mafuta. Moshi uliokosa pa kutokea ukapasua njia kwenye ungio la mbele, ukamwagika moja kwa moja usoni kwa mama.

"Zima! Kaka, zima!" Cheche alipiga kelele.

Alikimbia kufungua lango, kisha yeye na mpiga picha wakamvuta mama kwa miguu. Mama alikohoa mpaka akashikilia ukuta, macho yamemwiva.

"Kijana, umefanya nini?" mpiga picha alimgeukia kaka. "Ungemuua mama yako."

Ndiyo maneno ambayo Cheche alikuwa ameyangoja, na macho yalikuwa yaleyale aliyoyataka. Kaka alionyesha ukutani kwa kidole.

"Mama, matambara niliyatoa. Tazama misumari."

"Misumari naiona. Lakini bomba limeziba, na wewe ndiye uliyelifunga bila kuchungulia," mama alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Usiguse tena spana humu ndani."

Cheche aliingoja raha yake ije. Haikuja. Alichokiona ni mama akijifuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Ni mimi," alisema. "Tambara nimeliweka mimi. Nilitaka kaka aumbuke, kwa sababu waya niliukunja mimi, yeye akasema ni wake."

Kaka aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Waya ni wa Cheche."

Mama alirudi kwenye gari. Alisubiri bomba lipoe, akalifungua, akalitoa tambara kwa ndoano ya waya. Kisha akaligeuza bomba upande unaoungana na turbo.

"Njoo utazame hapa."

Ukingoni mwa chuma kulikuwa na alama mbili zilizogongwa kwa nyundo. Ya kwanza ilikuwa herufi ya mama, aliyoigonga kwenye kila kazi yake. Kando yake palikuwa na nyota ndogo, kama cheche iliyoruka.

"Nimeigonga asubuhi ukiwa shule," mama alisema. "Nilimsikia kaka yako akisema waya ni wake. Lakini yeye hukunja waya kwa koleo, na koleo huacha alama za meno. Waya ule haukuwa na alama hata moja. Nani hapa hukunjia waya gotini kama si wewe? Nilitaka gari likishanguruma vizuri nimwonyeshe mteja nyota hii, na kaka yako aseme mwenyewe ni ya nani."

Cheche alilia, bila kujali nani anamwona.

"Ulidhulumiwa, mwanangu, na una haki ya kukasirika," mama aliendelea. "Ungesema palepale mlangoni kwamba waya ni wako. Ungeniambia mimi. Wewe ukaamua kulipiza kwa siri. Ulimlenga kaka yako, moshi ukanipata mimi. Moshi wa gari ni sumu, hasa ndani ya chumba kilichofungwa, na wenyewe hauulizi nani kamkosea nani. Na wewe," alimgeukia kaka, "ulijivika sifa ya mwenzako. Yote haya yameanzia hapo."

Walilifunga bomba upya. Safari hii walichungulia wote, na lango liliachwa wazi kabisa. Injini ilinguruma kwa sauti nene, laini, isiyo na pengo. Mpiga picha alisimama akisikiliza, mkono wake juu ya boneti.

"Ile nyota ni ya nani?" aliuliza.

Mama alimtazama kaka. Cheche naye akamtazama.

"Ni ya mdogo wangu," kaka alisema. "Waya aliukunja yeye. Nilikudanganya."

Mteja alipoondoka, mama alimpa Cheche nyundo na msumari mmoja, akamwonyesha ukuta juu ya meza. Cheche aliugonga msumari kati ya ile miwili, akalitundika pale lile tambara la sketi, jeusi kwa masizi. Lipo hadi leo, na hakuna gari linalowashwa mle kabla Cheche hajachungulia bomba lake.