Jiko Halilali Chumbani

Maimuna hupika vitumbua uani, katika nyumba ya marehemu baba yake, Kariakoo. Ni nyumba ya zamani, yenye ukumbi katikati, na siku hizi maghorofa yameibana kila upande. Zamani wateja walimfuata kwa utani wake. Sasa anapika kimya. Msiba uliompata, jamani, usimkute mtu.

Mwaka juzi binti yake, Sitara, alikuja kujifungulia kwa mama, kama ilivyo ada. Akazaa mtoto wa kiume, Idrisa. Ilikuwa masika, bonde la Jangwani limejaa maji, na baridi imeingia mpaka ukutani. Mzazi hapigwi na baridi. Ndivyo Maimuna alivyolelewa. Akawasha mkaa uani, akangoja ushike vizuri, moshi uishe kabisa. Kisha akaliingiza jiko chumbani. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa khanga kuukuu. Yote aliyafanya kwa mapenzi, maskini.

Asubuhi Sitara alikuwa hajiwezi, anatapika. Idrisa alikuwa amekufa.

Hospitali walisema ni hewa ya mkaa. Maimuna akakataa katakata. "Mkaa gani? Si ndio ulionikuza mimi? Hilo ni jicho la watu!"

Sitara alipopata nguvu alirudi kwa mumewe, Kigamboni. Hakukanyaga tena nyumba ile.

Siku moja alipiga simu. "Mama, nina mimba. Nitajifungulia hukuhuku."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Unajua kwa nini."

Candida, jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa, alimkuta Maimuna analia mbele ya vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie kweli, Candida. Mkaa ule haukuwa na moshi. Unauaje?"

Candida akavuta kigoda. "Moshi unauona, unakohoa, unatoka nje. Lakini mkaa ukiwaka hutoa hewa nyingine, mama. Haina rangi wala harufu. Chumba kikifungwa, inajaa. Aliyelala haamki. Wewe umekua mkipika uani, upepo unaichukua."

"Basi ni mimi."

Candida hakumdanganya. "Ni jiko lile, mama. Na wewe hukujua."

Maimuna alilia mpaka vitumbua vikaungua.

Alipotulia, walikwenda wote wawili dukani kutafuta jiko jingine, maana lile Maimuna hakutaka kuliona tena. Muuzaji akawaonyesha jiko la vidonge vya maranda ya mbao yaliyoshindiliwa. "Hili ni poa sana, mama! Halina moshi, weka hata chumbani!"

Maimuna alimkata jicho. "Chumbani kwako wewe! Mwenzio nimezika."

"Jiko lenyewe ni zuri," Candida akasema. "Chagua lenye miguu mipana, lisipinduke. Vidonge viwe vikavu, vikilowa vinatoa moshi. Lakini kila kinachowaka kina hewa ile. Likae nje."

Uani, Maimuna alitaka kuliweka chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala Sitara.

"Hapana, mama. Hewa itaingia ndani."

Wakaliweka kona ya mbali, chini ya bati, pande mbili wazi. Vidonge wakavitia kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Na mzazi atapata wapi joto?"

"Blanketi, soksi, na uji wa moto. Dirisha liachwe wazi kidogo."

Siku hiyohiyo Maimuna akapiga simu Kigamboni. "Sitara, mwanangu. Ni mimi niliyeliingiza jiko lile. Nisamehe."

Sitara akaangua kilio.

Miezi ilipotimia, alijifungua salama hospitali, mtoto wa kike, kisha akaja kwa mama yake. Kwanza alikwenda uani, akalitazama jiko. Ndipo akaingia chumbani.

Jioni mvua ikanyesha. Maimuna alileta uji kutoka uani. Kwa mazoea mkono ukaenda kufunga dirisha. Akaurudisha.

Sitara alikuwa anamwangalia. Akamnyooshea mtoto.

"Mshike, mama."

"Nimshike mimi?"

"Wewe."

Maimuna akafungua kasha, akatoa khanga aliyomnunulia Idrisa, ingali mpya. Akampokea mjukuu wake, akamfunika nayo. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imempakata mtoto.