Nyumba Ndogo ya Jairus

Walikutana ng'ambo kwa Wazungu, soko la Bull Ring, Jumamosi moja ya mwaka 1974, watu wamebanana na kila muuza samaki anapiga kelele kumshinda mwenzake. Magdalene, muuguzi kutoka Muheza, alikuwa amevaa koti la kijani na kilemba cha kitenge, ameshika kichana cha ndizi anakikagua kama mgonjwa.

"Hizi nazo ni ndizi au vidole vya maiti?" alijisemea.

"Zipike tu, dada. Hazitalalamika," sauti ikamjibu kwa Kiswahili.

Aligeuka akamwona kijana mrefu, shati la maua, suruali imemwagika juu ya viatu vya soli nene. Aliitwa Jairus, mtu wa Butere, Kenya, na alikuwa anafunga milango kwenye magari mapya, kiwandani Longbridge. Chai waliyokwenda kunywa ilipoa mezani, maana hakuna aliyekumbuka kuinywa.

Mwaka mmoja baadaye ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili. Bado ya tatu. Na tangu tangazo la kwanza Jairus alikuwa ameanza mambo yake.

Kwanza harufu. Mtu wa kiwandani hunuka grisi, hiyo Magdalene aliizoea, lakini sasa Jairus alinuka moshi wa makaa, na chumba alichopanga Selly Oak kilikuwa na hita ya gesi. Kisha doa jekundu kwenye mkono wa shati, jekundu la kung'aa. Halafu swali, wanakula chipsi barabarani:

"Magi, mapazia ya maua na ya mistari, gani mazuri?"

"Mapazia ya nani?"

"Ya mtu tu."

Huyo "mtu tu" alimkosesha Magdalene raha wiki nzima. Shemsa, muuguzi mwenzake kutoka Tanga, hakumsaidia.

"Shoga, mwanamume hanunui mapazia kwa hiari yake. Nyuma ya pazia kuna mtu."

"Labda anamnunulia mama mwenye nyumba wake."

"Na mama mwenye nyumba anapaka kucha mpaka rangi imwagikie shati la mpangaji?"

Alhamisi, simu ya ukumbini katika bweni la wauguzi Harborne ililia. Jairus alikuwa kwenye kibanda cha simu, na alisema haraka.

"Magi, mpenzi, sikiza. Nimehama Selly Oak. Sikutaka ujue hivi, lakini ukweli ni kwamba sasa niko na nyumba ndogo. Iko Gas Street. Jumamosi ukuje uione, najua utaipenda, kwa sababu—"

Simu ikalia pi pi pi. Sarafu zilikuwa zimeisha.

Sasa, kwao Magdalene kila mtu anajua nyumba ndogo haina bati wala msingi. Ina miguu miwili na mdomo, na waume za watu hulala huko. Alirudisha mkono wa simu taratibu, akaenda kumtafuta Shemsa.

"Wenzake huficha," alisema Shemsa. "Wako anakualika ukamwone."

"Nitakwenda. Na Jumapili kasisi akiuliza kama kuna mwenye kipingamizi, nitasimama mimi mwenyewe."

Alimpenda yule mtu, hilo ndilo lililomuuma. Jumamosi alivaa gauni lake la zambarau na viatu vya kisigino, maana mwanamke haendi na ndala kumwona mwenzake. Pale Gas Street alipita kwenye uwazi wa ukuta wa matofali, akashuka ngazi, akajikuta kando ya mfereji mpana kama mto, wenye maji meusi. Jairus alikuwa amesimama karibu na mashua ndefu, nyembamba, bomba lake linafuka moshi. Dirishani palining'inia mapazia ya maua.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nyumba yako ndogo."

"Si umesimama mbele yake."

"Mtoe nje, Jairus. Nimwone."

"Nitaitoaje, Magi? Iko na tani kumi na tano."

Magdalene aliingia mwenyewe. Alinyoosha mikono, ikagusa kuta zote mbili. Palikuwa na kitanda chembamba, jiko la makaa, birika, na jagi la bati lililochorwa waridi jekundu, rangi bado mbichi. Mtu hakuwapo.

"Kwenu nyumba ndogo ni nini?" aliuliza polepole.

"Nyumba. Yenye si kubwa."

Alikaa chini akacheka mpaka machozi, ndipo akamweleza. Jairus alishika kichwa.

"Na nilikuambia utaipenda."

"Uliniambia. Lakini kwa nini ulinificha?"

Hapo Jairus akaacha mzaha. "Nilikuahidi nyumba yenye ngazi. Nimebisha milango kumi na moja, Magi. Kwa simu, chumba kipo. Nikifika waone uso wangu, kimechukuliwa dakika tano zilizopita. Mzee aliyeniuzia hii aliuliza kitu kimoja tu, kama najua kuwasha moto. Nikaona haya kukuambia nakuleta kwa maji."

Milango kumi na moja, na kila Jumapili alimwambia tu, "Bado natafuta." Magdalene aliona aibu kwa yote aliyomdhania, na akampenda kuliko siku ya ndizi.

"Kesho kasisi akiuliza," alisema, "kipingamizi ninacho."

Jairus alikauka. "Gani?"

"Hicho kitanda. Wodini kwenye kama hicho tunamlaza mtu mmoja, tena awe mwembamba."

"Nitakipanua leo."

"Lete msumeno. Nitashika mbao."

Jumatatu, ndoa ikiwa imetangazwa mara ya tatu na hakuna aliyesimama, Magdalene alimwandikia mama yake Muheza: *Jairus amepata nyumba ndogo, nami nahamia humo baada ya harusi.* Aliitazama sentensi ile. Akawaona shangazi zake wote barazani, barua inasomwa kwa sauti.

Akakata "ndogo", akaandika "inayoelea". Mama asingeelewa, lakini angalau asingelia.