Maiki Iliyorudishwa

Maiti ya mhandisi Tokunaga Hideo ilikutwa Jumanne asubuhi chini ya meza ya majaribio, katika kiwanda kimoja mjini Uji. Fuvu lilikuwa limebonyea upande wa kulia. Kalamu tatu zilikuwa bado mfukoni.

Inspekta Nagase Kunihiko alichuchumaa, akatazama, akainuka. Zamani maiti zilimkosesha hamu ya kula. Siku hizi hazikumfanya lolote.

"Daktari anakadiria jana, saa moja jioni," Sajini Obata alisema. "Silaha ni jiriwa hili, chuma cha kubania vifaa. Alama za vidole zimefutwa."

Juu ya meza palikuwa na mashine ya michezo ya video, ndogo, nyeupe, pamoja na vidhibiti vyake viwili vya kuchezea. Ile ya zamani watoto walikuwa wameichezea miaka kumi. Tokunaga alikuwa ameagizwa aiunde upya iwe rahisi, iuzwe nusu bei.

"Sampuli ni hiyo hiyo moja," alisema Bwana Sakuragi, mkuu wa kiwanda. "Na haijaibwa. Sasa ameuliwa kwa nini?"

Nagase aliona kidhibiti cha pili kina tundu lililotobolewa kwa mkono.

"Kifungue."

Sakuragi alilegeza skrubu. Uso ukamshuka.

"Hii maiki inatafuta nini humu?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ya zamani ilikuwa nayo, watoto wakiipigia kelele wanapocheza. Tokunaga aliikata kupunguza gharama. Kwenye mchoro haimo, na jana mchana humu haikuwamo!"

"Basi muuaji ameirudisha," Nagase alisema. "Ameketi hapa, marehemu yuko miguuni pake, akalehemu waya zake."

Aliinamia lenzi ya kukuzia iliyokuwa mezani. Lehemu ilikuwa safi, inang'aa, imelalia upande mmoja.

"Huyu ni wa mkono wa kushoto. Unamjua?"

Sakuragi alisita. "Mama Iwakura. Lakini afande, yule mama hana neno na mtu!"

Iwakura Setsuko alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Walimkuta mahali pake kwenye laini ya kuunganishia mashine, akilehemu. Aliomba amalize kipande alichokuwa nacho. Nagase alimruhusu.

Katika chumba cha mahojiano alikunja mikono juu ya magoti.

"Jana saa moja ulikuwa wapi, mama?"

"Chumba cha majaribio."

Obata aliinua macho kutoka kwenye daftari. Hakutegemea jibu la haraka hivyo.

"Ulimpiga Tokunaga?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Maiki ilibuniwa na mume wangu, Yasuo. Binti yetu alikuwa haongei. Miaka minane, hata neno moja. Madaktari walichoka naye. Yasuo akaja nyumbani na kidhibiti, akamwambia, 'Mpigie kelele huyo zimwi, atakimbia.' Mtoto akasema, 'Toka!' Ndilo neno lake la kwanza."

"Mumeo yuko wapi?"

"Alianguka kazini akafa, mwaka wa sita huu. Binti yuko Sapporo. Anauza nguo, anaongea kutwa."

"Na Tokunaga?"

"Nilimwomba asiikate. Sikumgombeza. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Akasema, 'Mama, hakuna mtoto aliyewahi kuitumia.'" Alitazama mkono wake wa kushoto. "Jiriwa lilikuwa karibu."

"Halafu ukalehemu."

"Vipande vilikuwepo. Nilifanya kazi yangu."

"Unajuta?"

Alikunja uso, kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua.

"Tangu jana nangoja nijute. Bado. Wewe afande, huwa inachukua muda gani?"

Nagase alimsogezea karatasi ya maelezo, naye akatia muhuri wake wa jina badala ya sahihi, taratibu, usipinde.

Obata alipotoa pingu, mama Iwakura alisimama, akanyoosha aproni.

"Naomba mnipigie simu kwa msimamizi," alisema. "Zamu ya mchana sitaingia. Atafute mtu wa kukaa mahali pangu."