Onyo Lililobaki Kwenye Kadi

Ndugu zangu, nyumba hii mnaipita kila siku. Asubuhi zake zilikuwa za utulivu: mama, fundi cherehani, akishona barazani, baba, dereva wa lori, akimalizia chai kabla ya safari, na binti yao akiwavisha wanasesere vipande vya vitambaa huku akipiga soga bila kumeza mate. Ndiyo maana majirani tulimwita Kasuku.

Siku moja koo lilimuuma vibaya, akapelekwa chumba cha dharura cha watoto. Alipodungwa penisilini, uso ulivimba papo hapo na pumzi zikambana. Daktari mkuu alimwokoa, kisha akamwambia mama kwamba mwili wa mtoto unaikataa dawa hiyo, asipewe tena maishani. Aliliandika onyo hilo kwenye kadi. Muuguzi akamkumbusha daktari aliingize na kwenye kompyuta, maana hospitali ilikwisha kuzileta. Daktari alikuwa mtu mwema, ila mashine zile aliziona mzigo.

"Wacha nimalizane na wagonjwa kwanza," alisema. "Nitaingiza baadaye."

Mnaijua hiyo baadaye. Wagonjwa walimiminika, na kadi ikaishia stoo kwenye rundo la faili.

Mwaka uliofuata, baba akiwa safarini na mama amekwenda kununua vitambaa, Kasuku alishikwa na homa na kifua. Bibi yake mzaa baba alimbeba mbio hadi dharura ile ile. Daktari kijana alifungua kompyuta, akaona jina, umri na uzito, lakini onyo hakuna. Hata hivyo akauliza.

"Bibi, kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Bibi alijibu kwamba hajui. Angejuaje? Wazazi waliona mtoto keshapona, ya nini kumtia mama mzee wasiwasi.

Akadungwa dawa ile ile. Moyo ulisimama. Waliuamsha, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda. Leo Kasuku anatembea kwa kushikwa mkono, na neno moja hulitafuta mpaka jasho linamtoka.

Daktari mkuu alikwenda nyumbani kuomba radhi. Mama alimpa kiti. Bibi alikuwa pembeni, macho chini, kama mwenye kosa.

"Uliandika, daktari, nilikuona," mama alisema. "Ila uliandika mahali ambapo wenzako wasingeona. Na mimi nilijua, nikanyamaza, nikamwacha mama mkwe aende peke yake bila la kuwaambia."

Siku hizi daktari mkuu haondoki kwa mtoto kabla hajaingiza kila kitu. Anafanya vyema, ingawa kwa Kasuku amechelewa.

FUNZO

Wahudumu wa afya, kalamu bado ina kazi yake, hasa umeme ukikatika. Lakini onyo linalogusa uhai wa mtoto liwekeni pale ambapo kila mwenzenu ataliona, kabla hamjamgeukia mgonjwa mwingine. Nasi wazazi tusiiachie kompyuta kila kitu. Yeyote tunayemwachia mtoto, awe bibi, dada wa kazi au jirani, ajue dawa inayomdhuru. Tumwambie leo, wakati mtoto bado anacheza.